Dini ya Wazee wa Buha Nayo Ina Haki Yake

Mkutano wa hadhara katika nchi yetu una taratibu zake. Kabla mgeni rasmi hajapanda jukwaani, husimama shehe akasoma dua, kisha padri au mchungaji akaomba, na watu wote huinamisha vichwa vyao kwa heshima. Ni desturi njema, nasi twaipenda kwa sababu huwakumbusha viongozi kwamba yuko aliye mkubwa kuliko wao. Lakini mkutano wa namna hiyo ukifanyika katika uwanja wa Kasulu au wa Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, yuko mtu wa tatu ambaye haitwi kuomba. Naye ni mzee wa mila. Zamu yake ni wakati wa ngoma. Hapo huvaa mavazi yake, hushika mkuki wake, hupigiwa makofi na hupigwa picha pamoja na wageni. Ngoma ikiisha hurudi kukaa pamoja na watazamaji, wala hapana mtu amwulizaye kama naye ana Mungu wake.

Swali hilo ndilo tunalolileta leo mbele ya wanachama na wafanyakazi: je, uhuru wa dini tunaojivunia ni wa kila raia, au ni wa wale tu wenye kitabu na jengo la kusalia?

Yafaa kwanza tujue tunamsema nani. Nchi ya Buha, kabla ya wakoloni, ilikuwa na tawala zake zenye heshima: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu upande wa Kakonko, na nyinginezo. Juu alikaa Mwami; lakini ardhi yenyewe ilikuwa na walinzi wake wa zamani zaidi, wazee wa koo waitwao wateko, ambao walijua mipaka ya mashamba, waliwapokea wageni waliotaka kulima, na waliomba kwa niaba ya watu ili ardhi isikasirike. Juu ya Mwami na mteko wote wawili alikuwako Imana, Muumba wa vyote. Ilikuwako pia ibada ya Kiranga, ambayo yajulikana hata ng'ambo ya mpaka katika Burundi, na iliyo ndugu ya ile ya Ryangombe katika Rwanda. Na katika kila mji wa mtu walikumbukwa wazee waliotangulia, kwa kuwa Mha hakuona kwamba kifo chaweza kumtoa baba katika hesabu ya jamaa yake.

Hii ndiyo dini iliyoitwa upagani. Ajabu ni kwamba Biblia ilipotiwa katika Kirundi, lugha iliyo ndugu ya Kiha, watafsiri hawakuwa na jina la kumpa Mungu zaidi ya lile lile la wazee: Imana. Basi mtu aliyeambiwa kwamba hamjui Mungu ndiye aliyewapa wenziwe jina la kumwitia.

Hatusemi hivi kwa kudharau misheni. Wamisionari wa Kikatoliki walifika Ujiji mwaka 1879, na baada yao waliingia Buha watu wa madhehebu mbalimbali. Wagonjwa wengi wametibiwa katika hospitali ya Kabanga ya Wakatoliki na katika hospitali ya Heri ya Waadventista, na wengi wetu tunaoshika kalamu leo tulifundishwa kuishika katika madawati ya misheni. Mwenye shukrani hasahau. Lakini shukrani hazimzuii mtu kusema kweli, na kweli ni kwamba katika siku za ukoloni mlango wa shule na mlango wa kanisa ulikuwa mmoja. Neno "kusoma" lenyewe lilikuwa na maana mbili, kujua herufi na kujifunza ubatizo, na mtoto aliyetaka la kwanza alipewa na la pili. Hakulazimishwa kwa fimbo. Alilazimishwa kwa njaa ya elimu.

Mfanyakazi naye alikutana na jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Wilaya za Kasulu na Kibondo ziligeuzwa ghala la vibarua. Vijana waliandikwa mikataba, wakapewa namba, wakaitwa manamba, wakasafirishwa hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Huko pwani mtu wa bara asiyekuwa na dini ya kitabu aliitwa mshenzi. Jina jipya, liwe la msikitini au la kanisani, likawa kama kanzu ya kujifunikia aibu ambayo hakuizaa yeye. Wako walioamini kwa moyo, na imani yao twaiheshimu. Wako pia waliotafuta tu kuitwa watu.

Baada ya Uhuru mambo mengi yalirekebishwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule za misheni zilizopata ruzuku mikononi mwa serikali, ili mtoto asiulizwe dini yake mlangoni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliitambua ndoa ya mila pamoja na ya kanisani, ya Kiislamu na ya serikali. Wake waliokuwa wakitazamwa kama nusu wake wakawa wake kamili. Na tangu hesabu ya watu ya mwaka 1967 serikali haikumwuliza tena mwananchi dini yake katika hesabu hizo. Haya ni matendo ya Chama na Serikali yake, nasi twayataja kwa fahari.

Lakini mwaka 1963 utawala wa machifu ulipofutwa, na mwaka 1972 wananchi walipohamishiwa vijijini katika Operesheni Kigoma, jambo moja halikufikiriwa sana. Kuondoa mamlaka ya Mwami lilikuwa jambo la siasa, na lilikuwa la haki. Kujenga vijiji lilikuwa jambo la maendeleo. Pamoja na hayo, mzee aliyeacha makaburi ya baba zake na msitu wa matambiko aliacha pia mahali pake pa ibada. Msikiti ulipojengwa kijijini ulipewa kiwanja. Kanisa lilipewa kiwanja. Msitu wa matambiko uliachwa nyuma, na baadaye ukakatwa kuni.

Twaweza kuuliza msingi wa Chama unasemaje. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliutaja usawa wa binadamu mwanzoni kabisa mwa imani ya TANU, likahesabu haki ya kuamini dini anayoitaka mtu miongoni mwa haki za kila raia. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 3, yasema kwamba Jamhuri yetu haina dini. Katika ibara ya 13 yakataza ubaguzi. Na katika ibara ya 19 yalinda uhuru wa imani. Hapana mahali palipoandikwa kwamba imani hiyo ni lazima iwe na kitabu. Tena tukumbuke kwamba Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922 katika nyumba ya Mtemi Nyerere Burito, nyumba ya dini ya jadi, wala hakubatizwa hadi mwaka 1943. Mama na baba waliomlea Baba wa Taifa, hadi akawa kijana wa kujitegemea, walimlea katika dini ambayo leo twaiita upagani kwa mdomo mwepesi.

Basi upungufu uko wapi? Uko katika mambo ya kila siku. Katika kumbukumbu za mahakama zetu shahidi huandikwa Mkristo au Mwislamu, na asiyekuwa mmojawapo ameandikwa mara nyingi "mpagani", neno ambalo hakujipa mwenyewe. Jumuiya za dini huandikishwa kwa Msajili, zikawa na katiba, wadhamini na hati za ardhi. Wazee wa matambiko hawana mwenyekiti wala mhuri, basi hawana hati. Na juu ya yote iko Sheria ya Uchawi iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928, ambayo tafsiri yake ya uchawi yagusa hata kudai kuwa na uwezo au elimu ya siri. Kwa maneno mapana namna hiyo, mtu akitaka, aweza kumtia mteko mwenye kuombea mvua katika kapu moja na mwuaji.

Hapa wako wenzetu watakaotupinga, nao wana hoja nzito. Watasema: "Je, mmesahau Murufiti?" Hatukusahau. Mwezi Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, wilayani Kasulu, watu saba waliuawa kwa moto kwa kushukiwa uchawi, na wengi wao walikuwa wazee. Watu 23 walishitakiwa kwa mauaji hayo, na miongoni mwao alikuwamo mganga wa kienyeji. Miezi michache baadaye, Januari 2015, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Hayo ni matendo ya kinyama, na asiyeyalaani si mwenzetu.

Lakini tazama vizuri nani aliuawa Murufiti. Waliokufa ni wazee, watu wa rika lile lile linaloshika mila. Walihukumiwa bila shahidi na bila hakimu, kwa kushukiwa tu. Yule anayemtetea mzee asiyekuwa na kanisa wala msikiti wa kumsemea ndiye anayemtetea na aliyeuawa Murufiti. Mahali ambapo mila imefanywa jambo la kificho na la aibu, watu hawajui tena kutofautisha tambiko na uchawi. Kila chungu kilichofukiwa huwa hatia, na kila macho mekundu ya bibi aliyepika kwa kuni miaka yote huwa ushahidi. Ibada ikifanywa mchana, mbele ya majirani, uvumi hupungua. Mwuaji ni mwuaji, na sheria ya mauaji yamtosha. Tapeli ni tapeli, na sheria ya udanganyifu yamtosha. Mganga wa dawa naye amewekewa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, ajiandikishe. Mwenye kuomba aachwe aombe.

Wala sisi si wa kwanza Afrika kulifikiri jambo hili. Benin imeweka sikukuu ya taifa kwa ajili ya dini zake za jadi, na Wakristo na Waislamu wa nchi hiyo hawakudhurika. Jirani zetu wa Kenya walizilinda Kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu ya pwani, hata mwaka 2008 zikaandikwa katika Urithi wa Dunia.

Kwa upande wetu hatuna haja ya kungoja sheria mpya ili tuanze. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaviwezesha vijiji kupanga matumizi ya ardhi yao; basi mikutano mikuu ya vijiji vya Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe yaweza kuitenga misitu ya matambiko iliyosalia, ikatiwa katika ramani kama inavyotiwa shule na zahanati. Kanuni ya Adhabu yaharamisha kuharibu mahali pa ibada au kitu ambacho kundi lolote la watu hukiona kitakatifu. Maneno "kundi lolote" yamhusu Mha wa Muhambwe kama yanavyomhusu mtu wa kanisani. Makarani wa mahakama waweza kumwandika mtu kuwa wa dini ya jadi. Na mabalozi wa mashina, ambao ndio macho ya Chama katika kila mtaa, wana kazi iliyo kubwa kuliko zote: kusikia mapema jina la bibi kizee likianza kunong'onwa kisimani, na kwenda nyumbani kwake kabla ya wenye mienge.

La mwisho ni la sisi viongozi wenyewe. Mkutano ujao wa hadhara utakapoandaliwa Kasulu au Kibondo, shehe aitwe asome dua, padri aitwe aombe, na mzee wa mila aitwe pia, si wakati wa ngoma, bali wakati wa maombi. Aseme maneno yake kwa Kiha, amtaje Imana, nasi tuinamishe vichwa kama tulivyofanya kwa wenziwe. Hatutakuwa tumebadili dini yetu, ila tutakuwa tumemtambua raia mwenzetu.