Ubao wa stepu nyumbani: kimo kwanza, vikorombwezo baadaye

Ubao wa stepu umetoka jimu na kuingia sebuleni. Huuzwa pamoja na vikorombwezo vyake: vipande vya kuongeza kimo, mkeka wa mpira, dambeli ndogo na mikanda ya kuvuta. Kwa anayeishi chumba na sebule, anayerudi kazini giza limeshaingia, au aliyefungiwa ndani na mvua za masika, ni njia nzuri ya kuushughulisha mwili. Tatizo ni kwamba wengi hujaza kapu la vifaa kabla ya kujua jambo linaloamua faida na madhara ya zoezi lenyewe, nalo ni kimo cha ubao.

Historia ya zoezi hili inalionyesha hilo wazi. Mwaka 1943 Lucien Brouha na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha kipimo cha ustahimilivu ambacho kingali kinatajwa hadi leo. Anayepimwa hupanda na kushuka benchi ya takriban sentimita 51, mara 30 kwa dakika, kwa dakika 5 au mpaka ashindwe. Kisha mapigo ya moyo wake huhesabiwa. Hicho kilikuwa kipimo cha vijana wenye afya njema, na wengi wao kiliwatoa jasho jingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwalimu wa mazoezi wa Marekani, Gin Miller, aliumia goti. Daktari akamshauri apande na kushuka kreti la maziwa ili kuimarisha misuli inayolishikilia goti. Humo ndimo yalimochipuka mazoezi ya stepu, ambayo baadaye yalisambazwa na kampuni ya Reebok. Kitendo ni kilekile cha kupanda na kushuka, lakini kwa mmoja kilikuwa mtihani mkali na kwa mwingine tiba. Kimo na mwendo ni kama dozi ya dawa: kiasi ndicho kinachoponya au kudhuru.

Kinachotokea mwilini

Unapopanda, misuli ya mapaja, makalio na mashavu ya miguu huinua uzito wote wa mwili. Ukipanda ubao wa sentimita 20 mara 24 kwa dakika, ndani ya dakika 10 umeupandisha mwili wako jumla ya mita 48. Hizo ni sawa na ghorofa 16 za mita 3 kila moja. Ubao ukiwa wa sentimita 10, kazi hiyo ya kupanda hupungua kwa nusu.

Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kina kanuni ya kukadiria oksijeni inayotumika katika zoezi hili. Kwa mwendo huohuo wa mara 24, ubao wa sentimita 10 huufanya mwili utumie oksijeni takriban mara 4 ya ile unayotumia ukiwa umekaa. Kwa sentimita 20 ni zaidi kidogo ya mara 5 na nusu, na kwa sentimita 30 hupita mara 7. Wataalamu huhesabu zoezi kuwa la wastani kuanzia mara 3, na kuwa kali likifika mara 6. Kwa hiyo ubao mfupi kabisa unatosha kuunufaisha moyo na mapafu.

Kushuka nako kuna hesabu yake. Misuli ya mbele ya paja hurefuka huku imekaza, ikizuia mwili usitue kwa kishindo. Kazi hiyo haili nguvu nyingi, lakini huzichosha nyuzi za misuli kuliko kupanda. Ndiyo sababu anayeanza kwa pupa huamka kesho yake, au keshokutwa, akishuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Tena, kadiri ubao unavyokuwa mrefu, ndivyo goti linavyokunjika na pia ya goti inavyokandamizwa kwenye mfupa wa paja. Ukiweka unyayo juu ya ubao, goti lisikunjike kupita pembe mraba. Likipita, punguza kimo.

Kipi kinafaa, kipi kisubiri

Kifaa chenye thamani kubwa ni vile vipande vya kuongeza kimo. Ubao wa kawaida huanza na sentimita 10, na kila jozi huongeza takriban sentimita 5. Hakikisha vinajifunga barabara na viko sawa pande zote mbili. Usiegemeze ubao kwenye matofali au vitabu.

Cha pili ni mkeka wa mpira. Sakafu zetu nyingi ni za vigae au saruji iliyosuguliwa, na ubao huteleza juu yake, hasa jasho likidondoka. Mkeka uwe mwembamba na mgumu. Wa sponji nene huufanya ubao uyumbe. Vaa raba, kwa maana kandambili na soksi tupu vimewaangusha wengi.

Dambeli zisubiri. Kuzishika huku ukipanda huongeza kazi kidogo tu, lakini huvuruga mizani ya mwili na kuchosha mabega. Zitumie baada ya stepu, miguu ikiwa imetulia sakafuni. Mkanda wa kuvuta nao usiupitishe chini ya ubao halafu ukapanda, maana ukichomoka, ubao hupinduka.

Asiye na fedha ya ubao wa dukani anaweza kumwendea seremala. Mwambie atengeneze wenye urefu wa mita 1, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 10, na agundishe mpira juu yake. Miguu yake iwe kwenye kingo kabisa. Ikiingizwa ndani, ukikanyaga pembeni ubao utainuka upande wa pili. Kreti la soda liache: ni refu mno kwa anayeanza, jembamba, na huteleza.

Jinsi ya kuanza

Pasha mwili moto dakika 5 sakafuni. Panda kwa unyayo mzima, kisigino kisining'inie. Shuka karibu na ubao, ukitanguliza vidole kisha kisigino. Badilisha mguu unaotangulia kila baada ya dakika moja hivi ili goti moja lisibebe kazi yote. Muziki wa mapigo 96 kwa dakika hukupa mizunguko 24 ya hatua nne nne. Singeli, ambayo mapigo yake hupita 200, ibaki ya kucheza sakafuni.

Anza na dakika 10, mara tatu kwa wiki. Ongeza dakika kwanza, ukifika 20 bila maumivu ndipo uongeze kimo. Kimo na mwendo visiongezwe wiki moja. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Kipimo rahisi ni mazungumzo: uweze kuongea, lakini kuimba kukushinde. Wanaotumia dawa kama atenololi na propranololi wategemee kipimo hiki badala ya kuhesabu mapigo ya moyo, kwa kuwa dawa hizo huyapunguza.

Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, au kisukari kilichotia ganzi nyayo, pamoja na mjamzito, amwone daktari kwanza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kubana ni amri ya kuacha papo hapo na kutafuta msaada.

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua ubao mfupi usioyumba. Vikorombwezo vingine vitanunuliwa miguu ikishazoea, na huenda ukagundua kuwa vingi huvihitaji.