Mzio si kiburi: Karamu zetu na wasiokula ngano

Hapana jambo zito kwa Mswahili kuliko kukataa chakula cha watu. Toka utotoni tumefunzwa kwamba mgeni akiwekewa sinia hunawa mikono, akapiga bismillahi, akala walau tonge mbili tatu ili mwenye nyumba asivunjike moyo. Aiachaye sahani yake bila ya kuigusa huambiwa ana kinyaa, ana kiburi, au amekuja kupeleleza. Nami, msomaji wangu, nilikuwa nikiamini hivyo hivyo mpaka siku ada hiyo ilipomlaza kitandani binti yangu.

Ilikuwa arusi ya jamaa zetu, hapa hapa Mji wa Kale, Mombasa. Haya nimehadithiwa na mama yake, kwani mimi nilikuwa upande wa wanaume. Wakati huo ilikuwa imepita nusu mwaka tangu daktari atwambie kwamba mtoto huyu hapaswi kula ngano maisha yake yote. Likaletwa sinia la sambusa, mahamri, katlesi, kababu na bajia za kunde. Binti akawa anajizuia, anakunywa maji tu. Shangazi yake mmoja akamwona, akamshika mkono, akamwambia kwa mapenzi: "Kula bajia basi, mwanangu. Hii ni kunde tupu, haina ngano. Wataka watu waseme twakunyima?"

Shangazi alisema kweli. Bajia ile ilikuwa ya kunde tupu. Lakini ilikuwa imetiwa katika karai lile lile lililokaanga mahamri na sambusa tangu alasiri, na unga ukipukutika mafutani kila zilipotiwa. Usiku wa manane mtoto akaanza kutapika. Tumbo likamsokota siku tatu, na kazini akakosa siku nne. Wako waliosema ni kijicho cha arusini, na wako waliotuletea kombe anywe. Ilikuwa ni mafuta ya karai.

NENO NA MARADHI

Neno letu "mzio" ni la zamani. Wazee walikuwa wakisema fulani anazia nyama fulani, yaani haigusi, ama kwa mila ya ukoo wake ama kwa agizo la tabibu. Siku hizi madaktari wamelichukua neno hilo wakalitumia kwa hali ya mwili kukikataa chakula ambacho kwa wengine hakina neno. Nao pia ni mzio, ila aliyeuweka si ukoo wala mganga, bali ni damu yenyewe ya mtu.

Ila maradhi ya binti yangu yana jina lake mbali, nayo ni seliaki. Ndani ya ngano mna kitu kiitwacho gluteni. Ndicho kinachoufanya unga uliokandwa uvutike kama mpira, na ndicho kinachozipa chapati na mahamri sifa zake. Hupatikana pia katika shayiri. Kwa mwenye seliaki, gluteni ikifika katika utumbo mwembamba, kinga ya mwili huinuka kupigana nayo, na katika vita hivyo huuharibu utumbo wenyewe. Vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula hulala, na mtu akawa anakula na mwili haupati. Huja kuhara, tumbo kujaa, kukonda, upungufu wa damu, na mtoto kudumaa. Dawa ya kuyaondoa haijapatikana. Tiba ni kuiacha ngano kabisa, na utumbo hupona taratibu.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Tabibu wa Kiyunani Aretaeus aliueleza katika zama za Warumi, na jina la seliaki latokana na neno la Kiyunani la tumbo. Mwaka 1888 Samuel Gee aliuandika kwa marefu huko London, akasema kwamba mgonjwa akipona, atapona kwa chakula. Lakini chakula kipi? Aliyelifumbua fumbo hilo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Alikuwa ameushuku mkate tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ikaja njaa kubwa ya Uholanzi ya mwaka 1944 na 1945, mkate ukaadimika, na watoto waliokuwa na maradhi haya wakawa na nafuu. Ngano iliporudi, maradhi yakarudi. Mwaka 1950 akaandika utafiti wake kuthibitisha kwamba mkosa ni ngano.

Wako watakaosema haya ni maradhi ya Wazungu. La hasha. Utafiti uliotangazwa mwaka 1999 juu ya watoto wa Kisaharawi, Waislamu wa Sahara ya Magharibi, ulionyesha zaidi ya watoto watano katika kila mia wana seliaki. Kwa dunia nzima hukadiriwa mtu mmoja katika kila mia, na wengi wao hawajijui.

Mzio wa chakula hasa ni jambo jengine. Huo huja upesi, pengine kwa dakika chache tu. Mwenye mzio wa njugu, korosho, kamba, samaki, mayai au maziwa aweza kuvimba midomo, kutoka vipele, kubanwa pumzi na hata kufa asipowahiwa. Huyo huhitaji sindano ya adrenalini na kukimbizwa hospitali, si kusomewa na kungojea asubuhi. Mwenye seliaki hafi mezani, bali huliwa na chakula chake kidogo kidogo kwa miaka. Wote wawili lakini wana adui mmoja: mwenyeji asemaye "kidogo hakidhuru."

HOTELI MBILI

Baada ya arusi ile binti yangu aliapa kutokula nje ya nyumba yetu. Nikaona huku ni kumfunga mtoto, nikamtoa siku moja tukaingia hoteli moja hapa mjini. Nikamweleza mtumishi habari yote. Akacheka, akasema: "Mzee wangu, chakula chetu ni safi, hakina sumu." Pilau ikaja na chapati juu yake. Tulipolalamika akaichukua sahani, akenda nayo ndani, akarudi nayo. Chapati haikuwapo, lakini pilau ilikuwa ile ile, na vipande vya chapati vimeganda pembeni. Sikumlaumu sana. Yeye alidhani tunachagua, kama mtu asiyependa bamia.

Hoteli ya pili ilikuwa Malindi, nami nitaeleza hivi punde kilichotupeleka huko. Pale mpishi mwenyewe alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa amepikia Waitaliani miaka mingi, na Malindi, kama mjuavyo, ina Waitaliani wengi. Kwao Italia seliaki ni jambo linalojulikana sana, hata sheria yao ya mwaka 2005 huagiza kwamba mahali kama shule na hospitali mgonjwa atakaye apewe chakula kisicho na gluteni. Na katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, kila hoteli yapaswa kuweza kumjulisha mteja kama chakula chake kina kimoja kati ya vitu 14 vyenye mzio, na nafaka zenye gluteni ni miongoni mwavyo. Basi mpishi huyu aliuliza swali moja tu: "Ni ngano kuila, au hata chembe?" Nikamwambia hata chembe. Akasema: "Basi viazi karai usimpe, mafuta yake yamechanganyika. Nitamkaangia samaki kwa mafuta mapya, simpaki unga, na wali nitampakulia kwa mwiko mwengine." Binti yangu akala akashiba, na usiku akalala salama.

Tazama lugha yetu ilivyo na hekima. Mwiko ni kijiko cha kukorogea chunguni, na mwiko ni jambo lililokatazwa. Kwa wagonjwa hawa maana zote mbili zimekutana: mwiko uliokoroga unga wa ngano ni mwiko kuukorogea chungu chao.

JIKO LETU LINA HERI

Watu hudhani asiyekula ngano atakufa kwa njaa, na hali jiko la pwani lina heri kubwa kwake. Wali wa nazi, kuku wa kupaka, samaki wa kuchoma, mbaazi za nazi, muhogo, ndizi mbichi, shelisheli na sima, vyote hivi asili yake havina ngano. Mkate wa kumimina na vibibi ni mchele na nazi. Hata mkate wa mofa ulikuwa wa mtama kabla ya ngano kutuzoea.

Hatari ni ile iliyojificha. Wako wanaotia unga wa ngano kidogo katika vitumbua ili vishikamane. Kababu hutiwa mkate, katlesi hupakwa chenga za mkate, rojo la viazi huzitishwa kwa unga, na samaki hunyunyizwa unga asigande karaini. Sosi ya soya mara nyingi ina ngano, na vidonge vya supu huweza kuwa nayo. Haluwa huuliziwa ni wanga gani uliotumiwa. Ama boko-boko, tambi na kaimati, hivyo havina la kuuliza. Na kuunguza kwa moto hakuiondoi gluteni. Ulimwengu umekubaliana kwamba chakula kiitwacho hakina gluteni kisizidi miligramu 20 katika kilo moja. Hicho ni kiasi kisichoonekana kwa macho.

Nawaonya pia wenye kujishuku: usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu na cha utumbo huhitaji mtu awe anaila bado, ama sivyo huweza kuonyesha kwamba hana kitu.

POSA KUTOKA MALINDI

Sasa nieleze lililotupeleka Malindi, na hapa sina budi kujishitaki mwenyewe. Mwanangu aliposwa na watu wema wa huko. Mama yake akaniambia tuyafiche maradhi, "wakisikia watarudi nyuma." Nami, mtu niliyekaa chuoni kwa miaka na kuandika mashairi ya kusifu ukweli, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kulikuwa ni kukubali.

Ni binti mwenyewe aliyetuaibisha. Akasema: "Baba, hawa ndio nitakaoishi nao. Leo nitakunywa maji, kesho nitasema nimefunga. Mwaka wa pili nitasema nini?"

Usiku huo nikaikumbuka hadithi tuliyosomeshwa utotoni, nayo imo katika Sahihi zote mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwekewa nyama ya dhabbu, mnyama wa jangwani afananaye na kenge. Akauondoa mkono wake. Khalid bin Walid akamwuliza kama ni haramu, akajibiwa kwamba si haramu, ila hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimtaki. Khalid akaivuta nyama akala, na Mtume anamtazama. Mmoja aliacha na mmoja alikula, na hapana aliyemkasirikia mwenziwe. Tena mashekhe wetu wametufunza kwamba aliyealikwa aitike mwaliko, na akishafika, akitaka ale na akitaka aache. Wajibu ni kuitika. Mbona sisi tumeugeuza tumbo ndio shahidi wa mapenzi?

Nikapeleka habari Malindi kwa kinywa changu. Jibu likaja: njooni.

Tulipofika, mama wa kijana aliwachukua mke wangu na binti yangu moja kwa moja hadi jikoni. Akawaonyesha karai jipya, na mchele uliotwangwa mle mle nyumbani kwa mkate wa kumimina. Kisha akafunga mlango akasema, nami nimehadithiwa: "Mimi kamba hunidhuru tangu udogo wangu, nikila navimba koo. Nimeolewa miaka thelathini na sijamwambia mtu. Mwaka mmoja nilikula kwa haya katika karamu ya mawifi, nikapelekwa hospitali nusu maiti, nikasema ni moyo." Mke wangu akalia, na bibi yule akalia naye. Posa haikurudi nyuma.

Basi, ndugu zangu wa pwani, nasaha yangu ni fupi. Mwenye mzio aseme mapema, siku ya mwaliko, si sinia likishafika. Na mwenyeji asiape kwamba "hakina kitu," bali ataje alichotia, na aeleze mafuta yametumiwa kwa nini na mwiko umekoroga nini. Asipojua, aseme sijui. "Sijui" ya kweli ni ukarimu mkubwa kuliko "kula tu" ya mapenzi. Nami nawaaga kwa ubeti huu:

Mwenyeji wangu subiri, mgeni akiuliza,
Si kwamba ana kiburi, wala neno la kubeza,
Mwambie bila ya siri, chunguni ulichojaza,
Utavuna njema kheri, karamu ukitimiza.