Mmea wa Shanga Ukihamishwa Chungu, Weka Kopo la Maji Mbali

Siku chache baada ya kubadilishiwa chungu, mmea wa shanga huanza kusinyaa. Vijani vyake vya duara, vyenye ukubwa wa njegere, hulegea na kubonyea, na nyuzi zilizokuwa zikining'inia kwa madaha hukonda. Mwenye mmea hudhani ni kiu, akachukua kopo la maji. Hapo ndipo mimea mingi ya aina hii huuawa kwenye baraza za Busia na Tororo, na kinachoiua si ukavu.

Mzizi haunywi maji kwa urefu wake wote. Kazi kubwa hufanywa na vinyweleo vilivyo karibu na ncha, ambavyo ni vyembamba mno na hukatika mmea unapong'olewa tu, hata kwa mkono mwepesi. Mmea uliohamishwa unaweza kukaa kwenye udongo uliolowa chepechepe na bado ukasinyaa, kwa kuwa hauna cha kunywea. Maji yanayobaki kwenye chungu kizima hufukuza hewa, na viini vya maradhi kama Pythium na Fusarium huingilia kwenye majeraha mabichi ya mizizi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza huwaudhi watu: usimwagilie. Subiri siku tano hadi wiki moja, majeraha yakauke na kuziba. Majani yale manene ni akiba ya maji, na akiba hiyo iliwekwa kwa siku kama hizi.

Inafaa kujua mmea huu ulikotoka. Wataalamu huuita Curio rowleyanus, kwa heshima ya Gordon Rowley, mtaalamu Mwingereza wa mimea inayohifadhi maji, na asili yake ni upande wa Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini. Kule hauning'inii. Hutambaa chini, kwenye kivuli chepesi cha vichaka na mawe, na kila uzi unapogusa ardhi huotesha mizizi mipya. Uzi mmoja wa porini hunywa maji mahali pengi. Sisi tuliouinua na kuutundika ndio tulioufanya utegemee shina moja dogo katikati ya chungu, na shina hilo likioza, nyuzi zote zimekwisha. Dawa iliyo bora kuliko zote inatokana na tabia hiyo ya porini: baada ya kuhamisha, chukua nyuzi mbili tatu, zizungushe juu ya udongo wa chungu hichohicho, uzibane taratibu kwa vipande vya waya vilivyokunjwa. Vifundo vinavyogusa udongo vitatoa mizizi, na mmea utakuwa na midomo mingi hata kama ule wa zamani umeharibika.

Kuhusu udongo, jirani yetu wa Tororo anafundisha vizuri kuliko vitabu. Kwenye Mwamba wa Tororo, ambao kilele chake kiko karibu mita 1,480 juu ya usawa wa bahari, huota shubiri iitwayo Aloe tororoana. Reynolds, bingwa wa shubiri wa Afrika Kusini, ndiye aliyeieleza kisayansi mwaka 1953, na haijulikani kuota kwa asili mahali pengine popote duniani. Shubiri hiyo hunyeshewa mvua ileile inayoozesha mmea wako, tena bila paa, lakini imejishikiza mwambani ambako maji yanapita na kuondoka. Kosa basi si la mvua. (Na tafadhali, hiyo ya mwambani iacheni mwambani. Shubiri za porini zinalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na mmea wenye makao mamoja tu duniani hauna nafasi ya kung'olewa kwa ajili ya baraza.)

Udongo mweusi wa bondeni, ambao mahindi huupenda, ni kaburi la mmea wa shanga. Changanya mchanga wa mto wenye chembe kubwa sehemu mbili, udongo mwepesi wa shambani sehemu moja, na vipande vya matofali yaliyopondwa au makaa sehemu moja. Uoshe mchanga kwanza. Usichukue uliobaki mahali pa ujenzi, kwa sababu mara nyingi una saruji ndani yake, na saruji huutia udongo ualikali unaoizuia mizizi kufyonza madini kama chuma.

Chungu kiwe kidogo, kipana kuliko mizizi kwa vidole viwili tu, na kiwe na tundu. Cha udongo wa kuchoma ni bora kuliko cha plastiki katika hewa yetu yenye unyevu, maana kuta zake hupitisha maji. Wengi huweka tabaka la kokoto chini wakidhani maji yatashuka haraka. Hayashuki. Maji hayatoki kirahisi kwenye udongo laini kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto. Hukaa juu yake mpaka udongo ushibe, na ule unyevu uliokuwa utuame chini kabisa ya chungu sasa umesogezwa karibu na mizizi.

Mwanga nao una hesabu yake. Vitabu vya Ulaya husema uweke mmea kwenye dirisha la kusini. Busia na Tororo ziko karibu kabisa na ikweta: jua hupita upande wa kusini kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Machi, kisha huhamia kaskazini. Kwetu kinachofaa ni baraza inayotazama mashariki, ipate jua la asubuhi hadi saa tatu au saa nne, kisha kivuli chenye mwanga. Jua la saa saba huunguza mmea usio na mizizi. Usiutundike pia chini kabisa ya bati, ambako joto la mchana hukusanyika. Kila kijani kina mstari mwangavu unaoingiza mwanga ndani yake, kwa hiyo anayeishi kando ya barabara ya vumbi apanguse nyuzi kwa brashi laini iliyo kavu.

Baada ya wiki, vipime vijani kwa vidole. Kilichobonyea lakini bado kikavu na kigumu kidogo kinahitaji maji: loweka chungu kwenye beseni mpaka udongo wa juu upate unyevu, kisha kiache kichuruzike kabisa, na usirudie mpaka udongo ukauke hadi chini. Kilicholainika, kikaonyesha maji ndani na kupasuka kwa kuguswa, kimeoza. Hapo usipoteze muda kuombea shina. Kata nyuzi nzima zilizo juu ya uozo, ziache kivulini siku mbili au tatu zikauke mahali pa kukatwa, uzilaze kwenye mchanganyiko mpya.

Mmea uliovuka mpaka wa Kenya na Uganda huteseka zaidi, kwa sababu husafiri ukiwa umekung'utwa udongo wote. Kukung'uta kwenyewe kuna maana, kwani udongo hubeba minyoo ya mizizi na maradhi, na kuvusha mmea kunataka hati ya afya ya mimea: upande wa Kenya ukaguzi ni wa shirika la KEPHIS, upande wa Uganda ni wa wizara ya kilimo. Mmea wa namna hiyo mpe wiki mbili kabla ya kuuloweka, hasa ukifika wakati wa mvua za Aprili. Kama una hiari, hamisha Januari au Februari, hewa ikiwa kavu.

Samadi na DAP zikae stoo. Chumvi za mbolea huchoma mizizi michanga, na mmea usiokunywa hauwezi kula. Ukiona ncha za nyuzi zimetoa vijani vidogo vya kijani kibichi, anza na mbolea ya maji iliyozimuliwa nusu ya kipimo cha kawaida, mara moja kwa mwezi.