Sabuni na Vazi la Mafuta

Mama akiosha sahani yenye mafuta ya mawese kwa maji matupu, mafuta hubaki. Akitia sabuni, hutoka. Jambo hili dogo lina fundisho kubwa.

Miili yetu imejengwa kwa chembe ndogo sana, zisizoonekana kwa macho. Mungu ameizungushia kila chembe utando mwembamba, ambao sehemu yake kubwa ni mafuta ya tabaka mbili. Kila punje ya mafuta hayo ina kichwa kipendacho maji na mikia iyakimbiayo maji. Kwa hiyo vichwa huelekea pande za maji, na mikia hujificha katikati.

Kirusi cha Ebola huingia katika chembe na kuongezeka humo. Kitokapo, hujivika kipande cha utando ule, kama mwizi aliyevaa nguo za mwenye nyumba. Pasipo vazi hilo hakiwezi kuingia katika chembe nyingine.

Sabuni nayo ina mkia upendao mafuta. Mkia huo hujipenyeza katika vazi na kulirarua. Kirusi huharibika, na maji huyaondoa mabaki.

Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza alithibitishwa hapa Goma. Ilipokwisha, Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa.

Basi, nawa kwa sabuni kabla ya kula na baada ya choo. Lakini sabuni haimponyi aliyekwisha kuugua. Huyo apelekwe hospitali upesi. Tuombe, tena tunawe.