Nani Anabisha Hodi Zahanati Usiku?

Zahanati ya kijiji hufunguliwa asubuhi. Jioni mlango hufungwa, nasi watumishi hurudi nyumbani. Lakini ugonjwa hauna saa. Usiku watu huja kubisha hodi kwenye dirisha la mganga. Wengine huja kwa baiskeli, wengine kwa pikipiki, na wengine hubebwa mgongoni. Leo tuzungumze juu ya wagonjwa hao. Ni akina nani? Wana nini? Na kwa nini waje usiku?

Jambo moja nimeliona katika kazi hii. Magonjwa mengi ya usiku huanza mchana. Mtoto aliyeletwa saa saba usiku alikuwa na joto tangu asubuhi. Mama alikwenda shambani kwa sababu ni wakati wa palizi. Mtoto alibaki na bibi yake. Jioni mama alirudi, akapika, akamngoja baba. Baba alipofika wakashauriana. Hapo ndipo safari ilipoanza. Mama huyo si mzembe. Palizi haingoji. Lakini malaria nayo haingoji palizi imalizike.

Zipo pia sababu za ugonjwa wenyewe. Homa hupanda jioni. Pumu hubana zaidi usiku na alfajiri. Nyoka wengi hutembea gizani. Uchungu wa uzazi huja saa yo yote.

DEGEDEGE

Hakuna hodi inayotisha kama hodi ya degedege. Mtoto ana joto kali. Ghafla macho yanageuka juu, meno yanakazana, mikono na miguu inatupatupa. Pengine anajikojolea. Wazazi hupiga kelele. Mimi siwalaumu. Mtu anayeona hali hiyo kwa mara ya kwanza hudhani mtoto amekwisha kufa.

Katika sehemu nyingi za nchi yetu, hasa pwani, wazee walisema kwamba degedege huletwa na shetani, au na ndege apitaye usiku. Kwa hiyo mtoto alifukizwa moshi wa mavi ya tembo, au mama yake alimkojolea. Tena walionya: mtoto wa degedege asichomwe sindano, akichomwa atakufa.

Tulifikirie neno hili la sindano. Halikuzuka bure. Mtoto alifukizwa siku mbili. Hakupona. Siku ya tatu alipelekwa hospitali, damu imepungua na fahamu zimepotea. Akachomwa sindano. Akafa. Watu waliona sindano, kisha wakaona kifo. Zile siku mbili hawakuzihesabu. Mpaka leo bado nasikia maneno hayo mlangoni. Bibi anasema, "Mwanangu, mpe dawa ya maji tu, sindano hapana." Namjibu kwa heshima, maana yeye ndiye aliyembeba mtoto mpaka hapa.

Degedege ni nini basi? Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 anaweza kupata degedege kwa sababu ya homa kali tu. Hiyo mara nyingi huisha yenyewe baada ya dakika chache. Lakini malaria iliyopanda kichwani huleta degedege pia. Homa ya uti wa mgongo nayo huleta degedege. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Hata mimi siwezi. Ndiyo maana tunapima.

Mtoto akishikwa na degedege, fanya hivi. Mlaze chini, kwa ubavu, mahali pasipo na moto wala kitu kigumu. Mlegeze nguo. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole, wala dawa, wala maji. Vikiingia katika njia ya pumzi vitamziba. Usimshike kwa nguvu. Usimmwagie maji ya baridi, wala usimfunike blanketi. Tazama saa, kama unayo. Kisha anza safari. Hata kama degedege imekwisha na mtoto amelala, anza safari.

Zahanati tutamtoa tone moja la damu kidoleni. Jibu la malaria hupatikana baada ya dakika 15 hadi 20. Mtoto mwenye malaria kali huchomwa sindano ya dawa iitwayo artesunate. Ndiyo, sindano. Hiyo ndiyo inayowaokoa. Kama hospitali iko mbali, mtoto wa chini ya miaka 6 anaweza kuwekewa dawa hiyo kwa njia ya haja kubwa, halafu apelekwe hospitali mara moja. Dawa hiyo ya kuwekwa si tiba kamili. Ni ya kumfikisha.

VIDONGE VILIVYOBAKI

Wagonjwa wengine wa usiku ni wale waliojitibu nusu. Zamani kila nyumba ilikuwa na klorokwini. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza ya malaria, maana vijidudu vilikuwa vimeizoea. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaanza dawa mseto, ile tunayoiita ALu. Hunywewa mara 6 katika siku 3. Dozi ya pili hunywewa saa 8 baada ya ile ya kwanza, hata kama saa hizo zinaangukia usiku wa manane. Mwamshe mtoto. Mpe chakula au maziwa, ndipo ameze dawa.

Yanayotokea ni haya. Siku ya pili mtoto anacheza. Mama anasema amepona. Vidonge vilivyobaki vinafungwa katika pindo la kanga, viwe akiba ya mdogo wake. Baada ya siku kadhaa mtoto yule yule anarudi, tena usiku, na homa kali kuliko ile ya kwanza. Na mdogo wake akiugua anapewa nusu dozi. Sasa wagonjwa ni wawili.

Ninyi mliojifunza kusoma mna kazi hapa. Soma maandishi ya kwenye karatasi ya dawa. Andika saa ya kila dozi ukutani kwa mkaa kama huna kalamu. Ukija usiku, njoo na karatasi za dawa zote ulizompa mgonjwa. Nikijua amekwisha meza nini, sitampa mara mbili.

KUHARISHA

Mtoto anaharisha tangu jana. Mama ameacha kumpa maji, kwa maana anaona kila akinywa anaharisha zaidi. Saa sita usiku mtoto amelegea. Macho yameingia ndani. Analia bila machozi. Ukiifinya ngozi ya tumbo haraka hairudi. Mtoto huyu hafi kwa kuharisha. Anakufa kwa kukauka maji.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa nchi ya Bangladesh, wakimbizi wengi walikimbilia India, na kipindupindu kikawashambulia kambini. Maji ya kutia mshipani yalikuwa karibu kuisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua wagonjwa wanyweshwe maji yenye sukari na chumvi. Wengi waliokuwa wafe wakapona. Waliowanywesha walikuwa ndugu zao wenyewe, kwa vikombe. Dawa hiyo leo ndiyo pakiti ya ORS inayopatikana zahanati.

Soma pakiti yako inataka maji kiasi gani. Nyingi ni za lita 1. Ukitia maji kidogo, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Ukitia mengi mno, dawa inapungua nguvu. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Ikipita siku moja, mwaga, tengeneza nyingine.

Kama huna pakiti, chukua lita 1 ya maji safi. Tia sukari vijiko vidogo 6, vilivyosawazishwa. Tia chumvi nusu ya kijiko kidogo. Koroga. Onja. Yasiwe na chumvi kuliko machozi.

Kila akiharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe, na mkubwa kuliko huyo nusu hadi kikombe kizima. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, halafu endelea pole pole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Na muhimu: mpe hata njiani. Nimeona watu wametembea saa mbili na mtoto aliyekauka, wakiogopa kumpa kitu mpaka "mganga aone". Ningependa nimwone akiwa amekwisha kunywa.

Zahanati atapewa pia vidonge vya zinki. Humezwa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekwisha. Hapo napo wengi huishia siku ya tatu.

Kuna kuharisha kunakofanana na maji yaliyooshewa mchele, kwa mtu mzima au mtoto, tena kwa wingi. Hicho huenda ni kipindupindu. Usingoje asubuhi. Mtu mwenye nguvu aliyelala mzima anaweza kufa kabla ya jua la adhuhuri.

KUPUMUA KWA SHIDA

Mtoto anakohoa. Kikohozi si kigeni kijijini, basi watu hawashtuki. Mimi nakuomba umtazame kifua. Mfunue nguo wakati ametulia, halii. Hesabu pumzi kwa dakika 1 nzima. Mchanga wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi, ni hatari. Wa miezi 2 hadi kutimiza mwaka, mara 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, mara 40 au zaidi. Tazama pia chini ya mbavu. Anapovuta pumzi, je, nyama inabonyea ndani? Kama ndiyo, mapafu yanaumwa. Hiyo ni nimonia, nayo inaua watoto wengi. Usimpake mafuta kifuani ukalala. Nenda.

Mtu mwenye pumu asilazwe chali. Akae, aegemee mbele, atolewe jikoni kwenye moshi. Kama ana dawa yake ya kuvuta, aivute, halafu apelekwe.

NYOKA, MAFUTA YA TAA, NA MDUDU WA SIKIO

Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe damu, wala asifungwe kamba ya kukaza. Kamba hiyo imewapotezea watu miguu. Mvue pete na bangili kabla hajavimba. Asitembee. Abebwe, na kiungo kilichoumwa kisichezeshwe. Usipoteze muda kumtafuta nyoka, maana ataumwa wa pili. Swila akimtemea mtu machoni, yaoshe macho kwa maji mengi hapo hapo, kisha aje.

Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Mafuta ya taa yakirudi juu huingia mapafuni. Aletwe kama alivyo. Na wewe, uliyeyaweka kwenye chupa ya soda, yahamishe leo.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala samli.

Mdudu akiingia sikioni usiku, mtu mzima hulia kama mtoto. Naelewa, maana kelele yake ni kama ngoma ndani ya kichwa. Usichokonoe kwa njiti. Mlaze ubavu, sikio likiwa juu, tia matone ya mafuta ya kula yenye uvuguvugu. Mdudu atakufa au ataelea. Ila sikio linalotoa usaha usilitie kitu. Kama hakutoka, njoo asubuhi. Hili linangoja. Jino linangoja pia, ingawa mwenye jino hatakubaliana nami. Mzee mmoja aliniamsha saa nane usiku kwa upele wa mwezi mzima. Nilimpokea, lakini tulicheka wote wawili.

MAMA MJAMZITO

Hapa hakuna kucheka. Mjamzito akitoka damu kabla ya uchungu, aondoke saa hiyo hiyo. Akiumwa kichwa sana, macho yakaona ukungu, uso na mikono ikavimba, aondoke, maana kifafa cha mimba kiko karibu. Uchungu ukipita saa 12 bila mtoto kuzaliwa, aondoke. Akiisha kujifungua, damu ikalowesha kanga, ukaweka nyingine nayo ikalowa, usiseme ni uchafu unatoka. Mama anaweza kufa katika muda wa saa 2. Mpe mtoto anyonye wakati mnatafuta usafiri, maana kunyonyesha husaidia mfuko wa uzazi kukaza. Asiachwe peke yake, wala asingojwe mkwe wala mume atoe ruhusa.

Ndiyo maana nasema mambo haya yapangwe mapema, mimba ikiwa na miezi 7. Baba na mama wakae. Nani ana pikipiki? Nambari yake ya simu ni ipi? Iandikwe nyuma ya kadi ya kliniki, pamoja na nambari ya mganga. Fedha ya mafuta ikae wapi? Nani atabaki na watoto? Kama mto unafurika masika, mama ahamie kwa ndugu wa ng'ambo kabla ya siku zake.

Ukifika dirishani kwangu, usianze na salamu ndefu. Ukibisha hodi nimekwisha amka. Niambie kwanza ni nani anaumwa, ana umri gani, na ilianza saa ngapi. Kadi nipe mkononi. Wakati unaongea nitakuwa nawasha taa.