Matete na Matope ya Vyoo

Watoto wa Kasenga, matete mnayajua. Yanasimama kando ya mto Luapula, nanyi mwayakata kwa kutengeneza nyua na mikeka. Ukiyakata leo, baada ya majuma machache yameota tena. Mkulima huyalaani, lakini mjini yaweza kufanya kazi kubwa.

Shimo la choo hujaa. Penye watu wengi, lori huja kunyonya matope yake. Je, yamwagwe wapi? Yakimwagwa mtoni, mama akaaye chini ya mto atateka maji yenye kipindupindu na mayai ya minyoo.

Basi wenye elimu hufanya hivi. Wanajenga kitalu chenye kuta na sakafu isiyopitisha maji. Chini wanatia mawe, kisha kokoto, halafu mchanga, na humo wanapanda matete. Matope humwagwa juu kidogo kidogo, kwa siku zilizopangwa. Maji yake hushuka hata mferejini. Upepo ukivuma, mashina hutikisika na kufungua matundu katika matope, yasizibe. Tena shina la tete lina uwazi ndani, na kwa njia hiyo hewa hushuka mpaka mizizini. Huko wanakaa vijidudu wanaokula uchafu (maana si vijidudu wote walio adui zetu). Majani nayo huyatoa maji hewani. Polepole matope hupungua, yakawa kama udongo mweusi.

Huko Kampala, Uganda, maji machafu ya mji yalipita miaka mingi katika kinamasi cha Nakivubo, penye mafunjo, kabla ya kuingia ziwa Victoria. Si mbali na hapo, pale Ggaba, mji huteka maji ya kunywa. Mafunjo yalifanya kazi bila mshahara. Halafu watu wakayafyeka, wakalima magimbi, wakajenga nyumba. Maji yakafika ziwani yangali machafu, na kuyasafisha kukawa ghali.

Hata hivyo tete haliwezi yote. Maji ya mferejini si ya kunywa. Hupelekwa kwanza kwenye madimbwi ya kusafishia. Udongo ule mweusi nao haufai kutiwa shambani upesi, kwa kuwa mayai ya minyoo huishi muda mrefu. Sharti upumzishwe kwanza. Na shaba, ambayo sisi wa Katanga twaijua sana, haiozi kamwe. Kwa hiyo matope ya viwanda yasichanganywe na matope ya vyoo.