Matumizi ya Dawa Nyingi kwa Wazee Wenye Saratani

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaowauguza wazee wenye saratani wanakumbushwa kwamba daktari anayetibu saratani anapaswa kujua dawa zote anazotumia mgonjwa, pamoja na dawa za miti shamba.

Mfano wa Mkoa wa Kilimanjaro unalifafanua jambo hili. Mzee wa Kibosho au Marangu anaweza kupewa dawa za shinikizo la damu katika zahanati ya kijiji, za kisukari katika Hospitali ya Mawenzi mjini Moshi, na za saratani katika Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo kituo chake cha saratani kilianza kazi mwaka 2016. Dawa ya maumivu huinunua dukani, na nyumbani akachemshiwa mizizi. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, lakini hakuna aliyeuona mzigo wote.

Umri unapozidi, figo na ini hupungukiwa na uwezo wa kuondoa dawa mwilini. Kipimo kilichomfaa kijana huweza kumdhuru mzee. Aidha, dawa hugongana. Diklofenaki ikitumiwa pamoja na sisplatini huongeza hatari ya kuumiza figo. Kapesitabini huzidisha nguvu ya wafarini, na mgonjwa akatokwa na damu. Deksamethasoni, inayotolewa kuzuia kutapika, hupandisha sukari. Dawa za shinikizo pamoja na mofini huweza kuleta kizunguzungu, na katika njia za mlimani zenye utelezi mzee akaanguka na kuvunjika.

Kwa hiyo inashauriwa:

(a) Kila siku ya kliniki mgonjwa achukue dawa zake zote katika mfuko mmoja, zikiwa na vibandiko vyake.

(b) Jamaa mmoja aandike katika daftari jina la kila dawa, kipimo, saa na sababu ya kutumiwa.

(c) Daktari au mfamasia aulizwe ni dawa ipi bado inahitajika.

(d) Dawa isiachwe ghafla bila ya ushauri.

Mgonjwa akipata homa, akitokwa na damu au akichanganyikiwa, afikishwe hospitali mara moja.

Wakaazi wa Unguja na Pemba nao wazingatie hayo. Mgonjwa anayetoka kituo cha afya cha kijijini kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, au anayevuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, asiuache mfuko wake wa dawa nyumbani.